Sauti Hafifu katika Mtambo wa Vipaza Sauti

Sauti hafifu ni hitilafu ya mtambo wa vipaza sauti uliofungwa na mafundi katika msikiti, kanisa, ukumbi wa mikutano au stesheni, ambao umeme wake unafika, taa zake zinawaka na maneno yanatoka, walakini hayamfikii msikilizaji kwa nguvu iliyokusudiwa siku mtambo ulipokabidhiwa. Hutofautiana na kimya kitupu, ambacho aghalabu asili yake ni waya uliokatika au fyuzi iliyoungua. Kwani katika sauti hafifu kila kiungo cha mtambo huonekana kufanya kazi, na kwa sababu hiyo wenye mtambo hushawishika kununua amplifaya kubwa zaidi kabla ya kuchunguza ni kiungo gani kinachopunguza. Hesabu ya sauti hubainisha kwamba dawa hiyo hukosa shabaha mara nyingi: upungufu una mahali pake, na wajibu wa fundi ni kupajua mahali hapo kabla ya kuongeza chochote.

Asili ya mtambo

Viungo vya mtambo vilitimia mapema katika karne ya 20. Mwaka 1915 Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenziwe Mmarekani Edwin Pridham waliusikilizisha umati wa watu mjini San Francisco muziki na hotuba kwa kipaza sauti chao. Na mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walitangaza spika ya koni inayosukumwa na koili, ambayo ndiyo nasaba ya spika nyingi za leo. Tangu wakati huo mpango wa safari haukubadilika: sauti hugeuzwa umeme na maikrofoni, hupangwa na mikisa, hukuzwa na amplifaya, huchukuliwa na nyaya na kurudishwa kuwa sauti na spika.

Hesabu ya nguvu

Kiasi cha sauti hupimwa kwa desibeli. Kuzidisha wati maradufu huleta desibeli 3 tu, ziada ambayo sikio huitambua kwa kadiri ndogo. Na ili msikilizaji aone kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, yahitajika takriban desibeli 10, yaani wati mara 10. Atakayeondoa amplifaya ya wati 100 na kuweka ya wati 200 atakuwa ametoa fedha nyingi kwa faida haba. Kinyume chake, umbali baina ya kinywa na maikrofoni ukipungua nusu, sauti hupanda kwa desibeli 6. Hivyo imamu, padri au mwalimu aliyekuwa akisema sentimita 40 mbali na maikrofoni, akisogea hadi sentimita 10, hupata takriban desibeli 12, ambazo kwa njia ya amplifaya zingedai wati mara 16. Ndiyo sababu uchunguzi hauna budi kuanza kwa msemaji, wala si kwa kabati la mitambo.

Hitilafu za mwanzo wa njia

Maikrofoni hutoa milivolti chache tu, na kila chaneli ya mikisa ina kitufe cha kwanza kilichokusudiwa kukuza umeme huo mdogo. Kitufe hicho kikiachwa chini, madaraja yanayofuata hulazimika kufidia, na pamoja na sauti hukuzwa mvumo wa mitambo yenyewe, hata msikilizaji akapata kelele nyingi na maneno machache. Maikrofoni za namna ya kondensa huhitaji umeme unaopelekwa kwa waya uleule wa sauti, ambao kwa desturi ni volti 48; umeme huo ukizimwa, baadhi yake hunyamaza kabisa na nyingine hutoa sauti dhaifu.

Vyombo vya nyumbani navyo vina upungufu wao. Kipimo cha kawaida cha vyombo vya kitaalamu ni volti 1.23, hali cha vyombo vya nyumbani ni takriban volti 0.3, na tofauti ya vipimo hivyo hukaribia desibeli 12. Hitilafu ya ajabu zaidi hutokea simu inapounganishwa kwa plagi ya stirio katika tundu linalopokea nyaya mbili za sauti zenye kupingana: mikisa hupokea tofauti ya kushoto na kulia tu, na sauti ya msomaji au mwimbaji, kwa kuwa iko sawa pande zote mbili, hujifuta, huku vyombo vya pembeni vikiendelea kusikika.

Hitilafu za katikati

Katika mitambo mingi ya kisasa, baina ya mikisa na amplifaya huwekwa kichakataji cha kidijitali, ambamo fundi hutia kikomo cha nguvu ili spika zisiungue, kisha hukifunga kwa nenosiri. Kikomo kikiwekwa chini mno, kila jitihada ya kupandisha sauti hugota mahali pamoja. Aidha, vitufe vilivyo nyuma ya amplifaya huweza kupunguzwa bila mtu kujua, hasa na wafagizi au wageni waliopanga upya kabati. Fauka ya hayo, kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapozidishwa maradufu, mtambo hupoteza takriban desibeli 3 za nafasi kabla ya kuanza kupiga mlio wa sauti ya spika inayorudi katika maikrofoni; basi mwendeshaji anayeacha maikrofoni nane wazi kwa ajili ya msemaji mmoja hulazimika kushusha sauti ya wote.

Laini ya volti 100

Majengo makubwa hutumia laini ya volti 100, na huko Marekani ya volti 70, ambamo kila spika ina transfoma yake yenye vituo vya wati, mathalan 6, 3 na 1.5. Spika iliyofungwa katika kituo cha wati 1.5 badala ya 6 hupungukiwa na desibeli 6. Na spika za volti 100 zilizotiwa katika laini ya volti 70 hupata nusu tu ya wati zake. Spika ya transfoma ikiunganishwa kimakosa na tundu la omu 8 hutoa sauti ya chini sana. Na spika ya omu 8 isiyo na transfoma, ikitiwa katika laini hiyo, hudai wati 1,250 peke yake, hivyo huielemea amplifaya na kuzishusha spika zote. Sharti jumla ya wati za spika iwe chini ya uwezo wa amplifaya, nayo ibakiwe na akiba ya takriban humusi moja.

Katika spika za omu 8 urefu wa waya huwa na taathira kubwa: waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 uliovutwa mita 100 huongeza zaidi ya omu 2 kwa kwenda na kurudi, na kupoteza desibeli 2 na ushei. Katika miji ya mwambao, hewa ya chumvi huila shaba kwenye viungo vya honi za minarani, kikabaki kiungo kinachopitisha umeme kwa shida.

Jengo na wasikilizaji

Huenda mtambo ukawa mzima na ukumbi ndio wenye kasoro. Mwili wa binadamu na nguo zake hunywa sauti, hivyo kipimo kilichofanywa ukumbi ukiwa mtupu hakifai kuwa hukumu ya siku ya mjumuiko. Pia kuta tupu na kuba hurudisha mwangwi unaovuruga herufi, na wasikilizaji husema sauti ni ndogo ilhali ni kubwa isiyofahamika. Hapo kuelekeza spika kwa watu hufaa kuliko kupandisha sauti.

Utaratibu wa uchunguzi

Kwanza huulizwa upungufu ulianza lini, na kitu gani kilibadilishwa. Pili, hubainishwa kama umeenea mahali pote au upande mmoja: wa upande mmoja huelekeza kwenye nyaya na spika, na ulioenea huelekeza nyuma, kwenye kichakataji, mikisa au maikrofoni. Tatu, hupigwa sauti isiyobadilika, na taa za vipimo husomwa kwa mfuatano mpaka ionekane pale ambapo kipimo chema cha kiungo kimoja hakifiki katika kinachofuata. Nne, kiungo kinachoshukiwa hubadilishwa kwa kingine kilichothibitika kuwa kizima, kimoja kwa wakati mmoja. Laini ya volti 100 haiguswi amplifaya ikiwa inafanya kazi, nayo hupimwa kwa kipimo cha impidansi, kwani mita ya kawaida husoma usugu wa waya wa transfoma tu na kumdanganya fundi.

Ukarabati ukimalizika, mahali pa kila kitufe na kituo cha kila spika huandikwa katika daftari linalohifadhiwa karibu na mtambo. Mtambo usio na kumbukumbu hiyo hurudi katika mikono ya kubahatisha kila mwendeshaji anapobadilika, na gharama ya kubahatisha huangukia jamaa waliochanga fedha ili maneno yawafikie.