Kwa nini DVD za harusi ziligoma Al-Naseem

  Leo tuongee ya zamani kidogo, maana kila tukipigiana simu swali linarudi: zile DVD za harusi mlizokuwa mkitutumia, mbona ziligoma?

Nimekaa Al-Naseem zote mbili, kwanza ile ya mashariki mwa Riyadh, halafu ile ya Jeddah. Miaka ya 2003 hadi 2010 hakukuwa na sinema Saudia (zilifunguliwa tena 2018), na WhatsApp ilikuja 2009. Kwa hiyo aliyetoka likizo alirudi na halua, picha na DVD mbili tatu. Tunajazana chumba kimoja, ngoma inalia, bibi harusi anakaribia kutolewa... picha inaganda, inavunjikavunjika, basi tena!

Hapo lawama zinaanza. Mpiga video tapeli, deki mbovu, sanduku lilirushwa uwanja wa ndege. Mwingine anasema Saudia ni eneo namba 2 na Afrika ni namba 5. Jamani, namba hizo zilikuwa za filamu za kiwandani. DVD ya kuchoma nyumbani kwa kawaida haina namba.

Historia yenyewe ni hii. DVD zilianza kuuzwa Japani Novemba 1996. Mwaka 1997 Pioneer wakatoa DVD-R, ya kuchoma mwenyewe, na 2001 wakaleta mashine ya kuchomea ya kompyuta za kawaida, DVR-A03. Mwaka 2002 kundi jingine, wakiwemo Philips na Sony, likaleta DVD+R. Tofauti ya jina ni alama ya kutoa na kujumlisha, lakini deki nyingi zilitengenezwa kabla DVD+R haijazaliwa. Ndiyo maana deki ya shangazi iliikataa na kompyuta ya jirani ikaicheza.

La pili ni rangi. DVD ya kiwandani hugongwa vishimo kwenye plastiki, halafu hupakwa madini yanayong'aa. Ya kuchoma ina tabaka la rangi ambalo leza huliunguza. Rangi hiyo haipendi jua wala joto, na Riyadh kiangazi hupita nyuzi 45. Ukiiacha DVD kwenye gari juani, unaweza kuiharibu. Rangi ikipakwa vibaya kiwandani, DVD inazaliwa mgonjwa.

Jina la juu ya boksi halikusaidia sana, maana kampuni moja iliweza kununua kwa viwanda tofauti. Mtengenezaji halisi alijulikana kwa namba ya siri iliyomo ndani ya diski, unayoisoma kwa programu ya kompyuta. Taiyo Yuden wa Japani, walioshiriki kuanzisha CD za kuchoma mwaka 1988, walisifiwa sana, hata matapeli wakaghushi namba zao. Walijitoa kwenye biashara hiyo 2015.

Sasa, kwa nini iganda pale pale bibi harusi anapotoka? Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni. Mwanzo wa harusi uko ndani, mwisho uko nje kabisa, na ukingoni ndiko rangi hupakwa vibaya, ndiko vidole hushika, ndiko diski hujipinda. Ukijaza GB 4.7 zote kwa kasi kubwa, kisha ukabandika karatasi ya maua juu, diski inayumba na leza inapoteza njia.

Naandika haya kwa sababu moja. Sauti ya bibi yetu, aliyefariki 2011, imebaki kwenye DVD ya harusi ya 2006 tu. Hana mkanda mwingine. Zilizocheza zamani nazo zinachakaa kabatini kimyakimya.

Kwa hiyo nawaomba: zitoeni wiki hii. Futeni kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, msizungushe. Ikigoma kwenye deki, jaribuni kompyuta mbili tatu tofauti, maana mashine hazifanani macho. Ikifunguka, nakilini mara moja, nakala mbili, kila moja nyumba yake. Na isiyofunguka msiitupe, nitunzieni, nikija likizo nitaijaribu mwenyewe.

Wasalimieni wote, wakubwa kwa wadogo. Tuonane panapo majaaliwa.