Wakanda ya 2016: namba moja iliyomgeukia mfalme

Tarehe 6 Aprili 2016 maduka ya vitabu vya katuni nchini Marekani yalianza kuuza toleo namba 1 la Black Panther kwa dola 4.99. Shujaa mwenyewe alikuwa anatimiza miaka 50, na alikwisha kuwa na namba 1 nyingine kadhaa. Ndiyo desturi ya kampuni za huko: mauzo yakilegea, hesabu inaanza upya, kwani namba 1 hununuliwa hata na mtu ambaye namba 47 asingeigusa. Mara nyingi kinachobadilika ni nguo tu za shujaa. Toleo hili nalitetea, kwa sababu lilibadilisha hadithi yenyewe, si nguo.

Black Panther ndiye T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni barani Afrika. Alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby katika Fantastic Four namba 52, Julai 1966, miezi michache kabla ya chama cha kisiasa cha Wamarekani weusi chenye jina hilo hilo, Black Panther, kuanzishwa kule Oakland. Mwaka 1973 aliingia katika Jungle Action, jarida lililokuwa likichapa upya hadithi za zamani za mashujaa wazungu wa porini. Mwandishi Don McGregor akamrudisha nyumbani, akampa adui Mwakanda, Killmonger, na hadithi karibu yote ikajaa watu weusi. Kwa jarida la Marekani la miaka ile, huo ulikuwa uthubutu mkubwa. Kirby alirudi na namba 1 mwaka 1977. Mwaka 1998 Christopher Priest aliwaleta Dora Milaje, walinzi wa kike wa mfalme, na mwaka 2005 Reginald Hudlin akamleta Shuri, dada yake.

Mwaka 2016 kalamu ilikuwa mkononi mwa Ta-Nehisi Coates, mwandishi wa insha aliyekuwa ametoka kushinda Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani, na ambaye hakuwa amewahi kuandika katuni. Baba yake, Paul Coates, aliwahi kuwa mwanachama wa chama kile cha Black Panther mjini Baltimore. Michoro ni ya Brian Stelfreeze, rangi za Laura Martin.

Fungua kurasa za mwanzo. T'Challa yuko kwenye mgodi wa vibraniamu, madini yaliyoitajirisha Wakanda, na wanaomshambulia ni wachimbaji, raia wake. Zenzi, mwanamke mwenye uwezo wa kuamsha hisia za watu, amewachochea. Kinachouma ni kwamba hakuwapandikizia hasira ngeni. Ameitoa nje ile waliyokuwa nayo. Nchi ilikwisha kufurika maji, ikavamiwa, na mfalme hakuwa nayo kila ilipomhitaji. Askari wanawafyatulia risasi wachimbaji, na T'Challa anabaki na damu ya watu alioapa kuwalinda.

Lakini nguvu ya toleo, kwa maoni yangu, iko kwa Aneka. Ni nahodha wa Dora Milaje, amemuua mkuu wa eneo aliyekuwa akiwadhulumu wanawake, na Ramonda, mama mlezi wa mfalme, anamhukumu kifo kwa kuwa sheria ni sheria. Ayo, mpenzi wake, anavaa deraya ya kivita na kwenda kumtoa gerezani. Sehemu hiyo haina T'Challa kabisa. Wanawake ambao kwa miaka karibu 20 walichorwa wamesimama nyuma ya kiti cha enzi wanaondoka na hadithi yao, na msomaji anawafuata bila kumkumbuka mfalme.

Si toleo rahisi. Maneno ni mengi, na anayekutana na Wakanda kwa mara ya kwanza atapotea katika historia inayodokezwa tu. Hata hivyo liliongoza mauzo ya mwezi ule, nakala zaidi ya 250,000 zikiagizwa na maduka.

Coates aliiweka Wakanda kando ya Ziwa Victoria, na filamu ya Black Panther ya 2018 ikamleta Mkenya, Lupita Nyong'o, kama Nakia. Watazamaji wengi wa filamu hiyo hawakuwahi kusoma hadithi iliyoanzia pale mgodini. Iliendelea kwa matoleo 12, na ilipofika mwisho T'Challa alikuwa amekubali Wakanda iandikiwe katiba.