Masafa hufuata maandalizi: tadhmiri, farasi wa Sharqiya na muundi wenye joto



Salaam nyingi kutoka Dima wa Tayyin, huku milimani baina ya Ibra na pwani. Nilikuwa kimya muda mrefu, na leo naingia barazani na jambo ambalo huenda wengine mkaliona dogo: farasi mmoja jike, wa miaka minne, na muundi wake wa mbele wa kushoto.

Mambo yalikuwa hivi. Mtoto wa ami yangu ana farasi huyo, na alikuwa amtayarishe kwa ardha ya Idi. Joto lote la kiangazi farasi alikaa tu, miezi mitatu hana kazi isipokuwa kula na kutembezwa kidogo jioni. Ulipopungua ukali wa jua akaanza kufanyishwa mazoezi, na katika wiki ya sita akawa anakwenda mbio kamili kwenye mchanga wa wadi. Pumzi nzuri, mwili umekaza, manyoya yanang'ara. Kila anayepita anasema mashaallah. Siku kumi kabla ya Idi, ami yangu akapitisha kiganja kwenye muundi ule akauona una joto. Farasi hachechemei. Havimbi. Joto tu.

Usiku ule kwenye sabla palikuwa na mjadala, tena mkali. Kijana anasema: gari la kumchukulia limeshakodiwa, mwenzake wa kukimbia nae ameshapatikana, watu wamealikwa, na mnyama hana kilema. Ami yangu anasema: huyu hendi. Halafu wakanigeukia mimi. "Daktari, unasemaje?" Nikawaambia udaktari wangu ni wa historia, sio wa mifugo. Wakacheka, lakini hawakuniachia. Kwao wao daktari ni daktari. Basi nikajibu kwa elimu niliyonayo, na niliyoyasema nayaandika hapa kwa mpango kidogo, ili mnisahihishe.

Nilianza na hadithi ambayo wengi wetu tuliisikia chuoni tukiwa wadogo na hatukuitilia maanani. Imepokewa na Ibn Umar, na imo katika Bukhari, kwamba Mtume (SAW) aliwashindanisha farasi Madina. Lakini hakuwaweka wote kwenye mbio moja. Wale waliokwisha kufanyiwa tadhmiri walikimbia kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, masafa ambayo wapokezi wameyakisia baina ya maili tano na saba. Wasiofanyiwa walikimbia kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq, kiasi cha maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Sote tunaisoma hadithi hii kama dalili kwamba mashindano ya farasi yanajuzu. Sawa. Lakini mwanahistoria akiitazama anaona jambo jengine: palikuwa na kanuni, na kanuni yenyewe ni kwamba masafa yanafuata maandalizi. Asiyekuwa tayari hakufukuzwa uwanjani wala hakulazimishwa kwenda sawa na aliye tayari. Alipewa mbio zake.

Na tadhmiri ni nini? Kamusi za Kiarabu zinaeleza: farasi analishwa mpaka anenepe, kisha chakula kinapunguzwa mpaka kibaki cha kumtosha tu, anafunikwa nguo, anatoka jasho, nyama yake inapungua na kukaza. Muda unaotajwa ni siku arubaini. Baadae, katika zama za Bani Abbas na za Mamluki, iliandikwa mijaladi mizima juu ya furusiya na baytara, yaani upandaji na utabibu wa farasi. Walikuwa na elimu, tena ya kuandikwa, na viwete wa farasi walitajwa humo kiungo kwa kiungo.

Sisi wa Oman tuna sababu ya ziada ya kujiona wenyewe katika khabari hizi. Ibnul Kalbi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, anasimulia katika kitabu chake cha farasi kwamba watu wa Azd wa Oman walimwendea Nabii Sulaiman, na walipotaka kurudi akawapa farasi aitwae Zadur Rakib, maana yake masurufu ya msafiri. Kila wakipiga kambi, mmoja wao humpanda akenda kuwinda, na kabla moto haujawaka amesharudi na nyama. Hii ni ngano, sitaki mtu aje kunibishia tarehe. Lakini ngano inaonyesha watu walivyojitazama. Waarabu waliposimulia asili ya farasi wao, waliipitisha Oman.

Baada ya ngano, biashara. Qalhat, hapa kwetu Sharqiya, karibu na Sur, ilikuwa moja katika bandari zilizosafirisha farasi kwenda Bara Hindi. Marco Polo ameitaja hivyo mwishoni mwa karne ya 13, na Ibn Battuta aliifikia katika karne ya 14. Wareno chini ya Albuquerque waliivamia mwaka 1508, na leo wamebaki magofu na kaburi la Bibi Maryam, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Marco Polo anaeleza jambo la kusikitisha: wafalme wa Kusini mwa Hindi walinunua farasi kwa maelfu kila mwaka, na sehemu kubwa wakafa, kwa sababu huko hapakuwa na watu wanaojua kuwatunza, na waliokuwa wakiwauza hawakutaka wataalamu waende. Ikiwa ni kweli, basi ilikuwa biashara inayoneemeka kwa ujinga wa mnunuzi. Mnyama anakufa, mwaka unaofuata linakuja jahazi jengine.

Na kwetu upande wa pili wa bahari? Mrima hapakuwa pahala pa farasi, kwani mbung'o walimmaliza, na ndio maana misafara ya wazee wetu ilikwenda kwa miguu ya wapagazi. Lakini mjini Unguja farasi wa Sayyid Said walijulikana, na Sayyida Salme ameandika katika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1886, namna watoto wa nyumba ile walivyofundishwa kupanda. Mwaka 1840 merikebu Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman al-Kaabi, ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili, na miongoni mwa zawadi za Sayyid Said kwa Rais Van Buren walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Katiba yao haimruhusu rais kuchukua zawadi ya mfalme bila ya idhini ya Bunge, kwa hivyo farasi wale wakaishia kunadiwa. Wengi wetu tunaikumbuka khabari hii kwa upande wa siasa. Mimi nafikiria miguu yao. Zaidi ya miezi miwili wamesimama ndani ya merikebu, bila ya kupiga hata hatua mia.

Hapa ndipo elimu ya leo inapoingia. Mfupa ni kitu hai. Mjarumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kadiri ya mzigo unaoubeba. Ukiutumia unaongezeka, ukiupumzisha unapungua. Tena unapojitengeneza upya, kwanza unaondoa sehemu kongwe, halafu ndio unajaza mpya. Baina ya kuondoa na kujaza panapita wiki nyingi, na katika wiki hizo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa. Ndio maana watafiti wa California waliona kwamba farasi anayerudi kwenye mbio baada ya mapumziko marefu yuko katika hatari zaidi ya kuvunjika baadhi ya mifupa. Na walipowapasua farasi waliokufa kwa kuvunjika viwanjani, katika wengi wao walikuta dalili za nyufa ndogo ndogo za zamani. Kwa maneno mengine, ajali tunayoiona siku ya mbio aghlabu ilianza wiki nyingi nyuma, kimya kimya.

Sasa pimeni. Pumzi na misuli hurudi katika muda wa wiki kadhaa, mfupa unataka miezi. Kwa hivyo kuna kipindi ambapo farasi anaonekana yu tayari, anajihisi yu tayari, na anaweza kukimbia kwa kasi ambayo mifupa yake haijaiweza. Kipindi hicho ndicho cha khatari, na ndicho hasa alichokuwemo farasi wa mtoto wa ami yangu. Manyoya yanang'ara, muundi unawaka.

Nisije nikaonekana nawatukuza wazee kupita kiasi. Siku arubaini za tadhmiri zilitazama nyama, jasho na pumzi, na mifupa haikuwa ndio hesabu yao. Kumfunika mnyama nguo mpaka atiririke jasho sio jambo ambalo daktari wa mifugo wa leo atalisifu. Lakini walikuwa na vitu viwili ambavyo sisi tumevipoteza: kiganja kinachopita kwenye mguu kila asubuhi, na ile kanuni ya kwamba masafa hufuata maandalizi. Leo tumeigeuza. Tarehe imeshapangwa, gari limeshakodiwa, na mnyama ndie anayetakiwa kuifuata kalenda.

Wala msidhani ni ujinga wa kijijini. Marekani, wenye mashine za kupiga picha ndani ya mfupa, katika msimu mmoja wa mwaka 2023 walipoteza farasi 12 katika uwanja wa Churchill Downs mpaka mbio zikahamishwa. Mwaka ule ule, asubuhi ya Kentucky Derby yenyewe, tarehe 6 Mei, madaktari wa serikali ya jimbo walimwondoa Forte, farasi aliyetarajiwa na wengi kushinda, kwa sababu ya jeraha la kwato. Fikirini uzito wa uamuzi ule, na fedha zilizokuwa juu yake. Lakini angalieni pia aliyeamua: hakuwa mwenye farasi, wala mkufunzi wake. Ni mtu ambaye hapati kitu farasi akishinda.

Hapo ndipo ninapopaona mimi pana kiini cha mambo. Suala ni nani anaamua na nani anabeba khatari. Sisi tunaoishi Ghuba tuna mfano wetu wa aibu. Kwa miaka mingi ngamia wa mbio walipandishwa watoto wadogo kutoka Bangladesh, Pakistan, Sudan na Mauritania, kwa sababu mtoto ni mwepesi. Imarati walipiga marufuku walio chini ya miaka 15 mwaka 2002, na mwaka 2005 sheria ikafikisha miaka 18. Watoto zaidi ya elfu moja wakarudishwa makwao kwa msaada wa UNICEF, na roboti zikachukua nafasi yao. Aliyetaka kushinda hakuwa juu ya mgongo wa ngamia. Aliyekuwa juu hakuulizwa. Na mnyama, bila ya shaka, haulizwi hata siku moja.

Nikarudi kwenye ardha. Ndugu zangu wa Ulaya na Marekani ambao hamjaiona, ardha ya hapa sio mashindano ya nani wa kwanza. Farasi wawili wanakwenda mbio bega kwa bega, na wapandaji husimama wima juu ya migongo yao, wameshikana. Uzuri wake ni usawa. UNESCO iliiandika ardha ya farasi na ngamia ya Oman katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2018. Nikamwambia kijana: umesema mwenzako ameshapatikana. Basi mguu ule ukikatika, utaanguka wewe peke yako? Mkono wake umo mkononi mwako.

Akanyamaza. Ami yangu hakusema neno, akamimina kahawa.

Siku ya Idi tulikwenda Ibra bila ya farasi. Kijana alikasirika, na nadhani bado ana kinyongo kidogo nami. Daktari wa mifugo alimtazama baadae, akasema muundi umeanza kuumia, apumzishwe na kisha aanzishwe taratibu, mbio fupi fupi, akiongezewa kidogo kidogo. Mwezi wa pili huu anatembezwa. Siwezi kukuambieni kwamba angevunjika lau angekwenda. Pengine angekimbia vizuri tu na watu wakapiga makofi. Huo ndio ubaya wa maamuzi ya namna hii: ukiamua vyema, hakuna kinachotokea, na huna cha kumwonyesha mtu.

Lakini jana alfajiri nilimwona kijana bandani, peke yake, ameinama. Alikuwa anapitisha kiganja kwenye muundi, juu mpaka chini, kwanza kushoto halafu kulia, akilinganisha. Hakujua kama namtazama, nami sikumwita.

Nangojea michango yenu, khasa wenye kumbukumbu za wazee wao na farasi wa Unguja. Na atakaeona nimekosea, anisahihishe hapa hapa barazani.

Wabillahi tawfiq.