Mizani ya Maandiko

Mwaka 1986 Halmashauri ya Ruzuku za Vyuo Vikuu ya Uingereza ilianza kuipima kazi ya wanachuoni, ili fedha za utafiti, zilizokuwa chache, zigawanywe kwa sifa wala si kwa mazoea. Si vema kuilaumu upesi. Mali ya umma haina budi kutolewa hesabu. Lakini mizani ilizidi kukaza. Kufikia mwaka 1996 kila mwanachuoni aliyetajwa alitakiwa kuonyesha maandiko hadi manne.

Wenye kazi za polepole ndio walioelemewa. Mwaka 1964 Peter Higgs wa Edinburgh aliandika makala mawili mafupi juu ya asili ya uzito wa chembe. La pili lilikataliwa na jarida moja kabla ya kupokewa na jingine. Miaka ilipita. Idara yake ilipotaka orodha ya maandiko mapya, alijibu kuwa hana. Mwaka 2013 alitunukiwa Tuzo ya Nobel, na mwaka uo huo akasema kwamba katika zama hizi asingepata hata kazi.

Katika upimaji wa mwaka 2021 kanuni zililegezwa: andiko moja lilimtosha mtu, na kitabu kirefu kiliweza kuombewa kihesabiwe mara mbili.