Historia ya Upimaji wa Programu za Kompyuta
Katika miongo ya mwanzo ya kompyuta, upimaji wa programu, yaani kuiendesha ili kubaini kasoro zake, haukutenganishwa sana na kazi ya kuzirekebisha, na mara nyingi aliyeiandika ndiye aliyeikagua. Mwaka 1979 Glenford Myers wa Marekani alisisitiza kwamba mpimaji huitafuta kasoro kwa makusudi, na kwamba mwandishi aepuke kupima kazi yake mwenyewe, hoja iliyo nzito kuliko zana yoyote iliyofuata. Mwaka 1997, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, waandishi wa programu Kent Beck na Erich Gamma waliandika JUnit, zana inayoendesha majaribio kiotomatiki, ikilinganisha jibu lililopatikana na lililotarajiwa, kisha ikionyesha mstari wa kijani yote yakifaulu, au mwekundu hata moja likishindwa.