Mfuatiliaji wa mizigo iliyopotea uwanjani

Mfuatiliaji wa mizigo ni mfanyakazi wa shirika la ndege, au wa kampuni inayolihudumia, anayetafuta masanduku yasiyofika pamoja na wenyewe. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ulio bara, magharibi mwa Kisiwa cha Mombasa, kazi yake huanza mkanda wa mizigo unaposimama na abiria angali mikono mitupu.

Humwandikia ripoti kabla hajatoka uwanjani, nayo hupewa nambari: MBAKQ, kwa mfano, yaonyesha Mombasa na Kenya Airways, kisha tarakimu tano. Rangi na umbo la sanduku huingizwa katika mfumo wa WorldTracer, unaolinganisha ripoti hiyo na mizigo iliyookotwa viwanja vingine duniani. Maelezo hafifu humponza mwenyewe. Masanduku meusi ni mengi mno.

Anwani nayo ina taabu zake. Vichochoro vingi vya Mji wa Kale havipitiki kwa gari, hivyo jina la msikiti ulio jirani na nambari ya simu hufaa kuliko sanduku la posta.

Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 humruhusu abiria kudai fidia mzigo usipofika baada ya siku 21. Ukifika umeharibika, ana siku saba tu za kulalamika kwa maandishi.