Kupona na Siha: Maradhi ya Florence Nightingale baada ya Vita vya Crimea

Mswahili aulizwapo hali baada ya homa kali kumwachia, aghalabu hasemi kwamba amepona. Husema, "Sijambo kidogo." Neno hilo "kidogo" lina elimu ambayo hospitali zilichelewa kuipata. Kwa muda mrefu madaftari yao yalijali mambo mawili tu: nani amekufa na nani ametoka. Aliyetoka alihesabiwa kuwa mzima, na ni nadra mtu kumfuata nyumbani kutazama kama alipanda ngazi bila ya kutweta, au kama alipata usingizi usiku. Historia ya watu hao, walioepukana na mauti lakini hawakurudishiwa siha yao, ni vigumu kuiandika kwa sababu wengi wao hawakuacha alama. Mmoja aliyeiacha ni Florence Nightingale.

Mwanamke huyo, aliyezaliwa mwaka 1820, alifika Scutari, ng'ambo ya Constantinople, mwezi wa Novemba 1854 pamoja na wanawake 38, ili kuwauguza askari wa Kiingereza waliokuwa wakipigana na Warusi. Hospitali yenyewe ilikuwa kambi kubwa ya askari wa Kituruki iliyogeuzwa matumizi. Mifereji ya maji machafu chini yake ilikuwa imeziba, hewa safi haikupata njia, na wagonjwa walilala wamesongamana. Askari aliweza kuletwa humo kwa jeraha la mguu akafa kwa tumbo la kuhara au kwa homa aliyoikuta ndani. Mwezi wa Februari 1855 vifo vilifikia kiasi cha 42 katika kila wagonjwa 100. Mwezi wa Machi ikaja tume ya usafi kutoka Uingereza; ikazibua mifereji, ikaondoa mizoga, ikafungua njia za hewa. Kufika Juni vifo havikufika 3 katika kila 100. Jengo lililojengewa sifa ya kuponya ndilo lililokuwa likiua.

Katikati ya mabadiliko hayo, mwezi wa Mei, Nightingale alivuka Bahari Nyeusi kwenda Balaclava kuzikagua hospitali za huko. Siku chache baada ya kufika alishikwa na homa kali, akachukuliwa kwa machela mpaka hospitali iliyokuwa juu ya kilima. Kwa muda wa wiki mbili hivi uhai wake ulikuwa mashakani, na nywele zake zikakatwa. Hatimaye hatari ilipita. Kwa hesabu ya siku zile, alikuwa amepona. Alishauriwa arudi kwao akapumzike, akakataa. Akashika tena kazi yake, na kabla ya mwaka kwisha maumivu ya nyonga yalikuwa yamekwisha kumlaza tena. Alirudi Uingereza mwezi wa Agosti 1856, vita vimekwisha.

Vita vya mwili wake ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza. Mwezi wa Agosti 1857 alianguka kwa udhaifu mkubwa. Moyo ulimdunda, pumzi zilimpaa, chakula kilimchukiza, usingizi ulimkimbia, na homa ilikuja na kuondoka bila ya miadi. Mwezi wa Desemba 1861 yakamjia maumivu ya uti wa mgongo, na kwa miaka kadhaa hakuweza kutembea; alibebwa kutoka chumba hata chumba. Huzuni nzito ilimwandama, akawa mkali, akawafungia mlango hata jamaa zake. Alikuwa na umri wa miaka 37 alipodhaniwa kuwa yu karibu kufa; alikufa mwaka 1910, ana miaka 90. Nafuu ya kweli haikuonekana mpaka alipopita miaka 60. Na kitandani humo ndimo alimoandika kitabu chake juu ya hospitali, kilichotoka mwaka 1859, na ndimo alimosimamia kuanzishwa kwa shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860.

Ugonjwa usioonekana kwa macho humletea mwenye nao taabu ya pili, nayo ni kutosadikiwa. Katika karne ya 20 waandishi kadhaa walishikilia kwamba maradhi yake yalikuwa ya nafsi tu, au kwamba alijisingizia ili asisumbuliwe na jamaa na wageni. Mwaka 1995 David Young alitoa hoja nyingine katika jarida la madaktari wa Uingereza: kwamba homa ile ya Crimea yaelekea ilikuwa homa ya Malta, ambayo leo huitwa bruselosi. Kijidudu chake kiligunduliwa mwaka 1887 na David Bruce, yule yule aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale. Na mwaka 1905 Themistocles Zammit alionyesha kwamba mbuzi hukibeba. Maradhi hayo, yanayojulikana pia katika nchi za wafugaji wa Afrika Mashariki, ambako mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria, huweza kujificha mwilini kwa miaka, yakarudi kwa homa, kwa maumivu ya mgongo na kwa huzuni. Hapana kipimo kiwezacho leo kuithibitisha hoja hiyo, wala kuamua kama homa ilimwingia wodini au kwa maziwa mabichi. Lakini hoja hiyo inatosha kumwondolea mgonjwa tuhuma ya kudeka.

Lipo jambo la kusikitisha zaidi. Nightingale alikuwa bingwa wa takwimu. Katika mchoro wake mashuhuri wa mwaka 1858 alionyesha kwa bluu waliouawa na maradhi yaliyoweza kuzuiwa, kwa nyekundu waliokufa kwa majeraha, na kwa nyeusi waliokufa kwa sababu nyingine. Rangi zote tatu ni za wafu. Aliyeuchora alikuwa hai na mgonjwa, na hapakuwa na rangi ya watu wa namna yake.

Rangi hiyo imeanza kutafutwa karibuni tu. Mwaka 2010 uchunguzi uliochapishwa Marekani ulionyesha kwamba wazee wengi waliookoka sepsisi kali, yaani uambukizo uliozidi nguvu za mwili, walibaki na upungufu wa akili na wa nguvu kwa miaka. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa kwa maradhi ya ghafula, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata uambukizo humo humo hospitalini. Wengi wao hutoka wakiwa hai, wakapongezwa mlangoni, wakaenda nyumbani na uchovu ambao wakubwa wa kazi huuita uvivu na jamaa huuita hasira. Hospitali iliyojifunza usafi kutoka Scutari imejifunza nusu ya somo. Nusu ya pili ni kumwuliza hali yule aliyekwisha kutoka, na kuliandika daftarini jibu lake zima, pamoja na lile neno "kidogo".